Herufi N Haina Adabu

Ukimuuliza Mwalimu alimpataje mume wake, atakuambia ni kwa sababu ya ng'ombe watatu ambao hawakuwahi kuwepo. Wakati huo alikuwa mwalimu kijana wa darasa la kwanza. Alasiri, watoto wakishaondoka, alifundisha watu wazima kusoma katika chumba kilekile, kwenye madawati yaleyale, wanafunzi wamekunja miguu mpaka magoti yanakaribia kidevu. Miongoni mwao alikuwemo kijana mrefu mwenye rangi kwenye kucha, ambaye mtaa mzima ulishamjua kwa kuandika mabango ya maduka. Kilichokuwa hakijulikani ni kwamba hajui kusoma. Alipewa maneno kwenye karatasi, akayanakili ukutani kama mtu anavyochora kuku au baiskeli, na yakatoka mazuri kuliko ya waliosoma.

Siku moja Mwalimu alimwita asome ubaoni: Nina ng'ombe watatu. Kijana akatazama, midomo ikachezacheza.

"Soma," akaambiwa.

"Nimeona kilichoandikwa, mwalimu. Ila mimi sina ng'ombe. Hata kuku sina."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Hiyo 'ni' ya mwanzo ni ya anayesoma," akamwambia. "Ukisoma kwa sauti, ni yako. Haya, soma, chukua ng'ombe wako, ukae."

Akasoma, akachukua ng'ombe wake, akakaa. Mwaka uliofuata wajomba zake wawili walikwenda kwao Mwalimu kuposa, wamevaa viatu vya kuazima. Tangu siku hiyo mpaka leo yeye humwita mkewe Mwalimu, na mkewe humwita Fundi, na watoto wao wanne walikua wakidhani hayo ndiyo majina waliyopewa walipozaliwa.

Kazi waliifanya wawili, ingawa aliyepanda ngazi alikuwa mmoja. Mteja akileta maneno, Mwalimu aliyaandika upya kwa mwandiko wake wa darasani kwenye karatasi ya daftari la hesabu, lenye visanduku, na kuyasahihisha njiani, maana wenye maduka wengi walikuwa wakiandika kama walivyosikia. Fundi aliichukua karatasi, akapiga mistari ukutani kwa kamba iliyopakwa chaki, na kila kisanduku akakikuza kuwa shubiri moja. Kusoma alishajua, lakini ukiwa juu ya ngazi, pua imekaribia kugusa ukuta, neno hulioni. Unaona herufi moja, nayo ni kubwa kama mlango. Ndiyo maana hakuwahi kuandika hata bango la kinyozi bila karatasi ya Mwalimu.

Na kila fundi ana adui yake. Wa kwake alikuwa N. Ule mstari wa katikati unashuka kimshazari, na rangi ya mafuta ikikuta mteremko inateleza na kuchuruzika. "Herufi N haina adabu," alizoea kusema, na Mwalimu, kila alipoweza, alimtafutia maneno yenye N chache. Kinyume chake, TU aliweza kuiandika amefumba macho. T ni mstari uliolala na mstari uliosimama. U ni mwendo mmoja wa mkono, unashuka, unazunguka, unapanda. Bahati yake, enzi hizo maneno ya ukutani yalikuwa yakianza na TU karibu yote. TUNAWE MIKONO. TUTUNZE MITI. TUSITUPE TAKA HAPA, ambalo kila mtu alilisoma huku akitupa taka.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa kwenye ukuta wa zahanati. Zahanati ile ilijengwa na watu wa mtaa kwa mikono yao, kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka miwili kasorobo. Aliyekuwa na mchanga alileta mchanga, aliyekuwa na mgongo alileta mgongo. Mwalimu alibeba mawe akiwa na mimba ya mtoto wa mwisho, hakuna aliyeweza kumkataza, na goti lake la kushoto halijamsamehe mpaka leo; mwenyewe huliita goti la zahanati. Ukuta ulipokamilika walimwomba Fundi aandike chochote anachoona kinafaa. Mwalimu akaandika kwenye karatasi yenye visanduku, maneno mawili tu: TUMEJENGA WENYEWE. Fundi aliyapaka rangi ya buluu nzito, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, na hakuomba hata soda.

Halafu mambo yakabadilika, na hayakupiga hodi. Lilianza Duka Letu, duka la ushirika la mtaa, ambalo siku moja liligeuka kuwa la mtu mmoja, naye akataka jina lake liandikwe, na mwaka wa pili akataka na uso wake, amekunja mikono kifuani kama anayegombana na wateja. Jirani yake naye hakukubali kupitwa. Mshona nguo, muuza simu, fundi wa meno, kila mmoja akawa ukutani na tabasamu lake. Wanasiasa nao wakaingia kwenye mkumbo. Wale wa zamani walikuwa wakiahidi TUTAFANYA, TUTALETA. Tusiwasingizie utakatifu, walidanganya vilevile, lakini walidanganya kwa wingi. Hawa wa sasa wanadanganya kwa umoja: NITAFANYA, NITALETA, NICHAGUE MIMI. Fundi alihangaika na N hizo miaka kadhaa, kisha ikaja mashine ya kuchapa mabango kwenye plastiki, na N zote zikatoka zimenyooka, hazichuruziki, kwa dakika nne.

Mashine ya kwanza mtaani ilinunuliwa na binti yake mwenyewe, yule kitinda mimba aliyebebeshwa mawe akiwa tumboni. Watu walitarajia Fundi anune. Hakununa. Siku ya kufungua duka alisimama mlangoni akiwaambia wapita njia kwamba mwenye mashine ile ni mwanawe, kama vile wameuliza. Lakini miaka miwili ikapita bila mtu kumwita apande ngazi. Kila asubuhi, baada ya chai, alitoa brashi zake kwenye kopo, akaziosha, akazipanga juani. Zilikuwa safi tangu jana. Siku moja binti yake alipita akamwona, akaenda zake, na njia nzima roho ilimuuma.

Ndipo alipokuja mgombea mmoja. Hakuwa amechaguliwa bado, lakini wafuasi wake walishaanza kumwita Mheshimiwa, kwa mazoezi. Mwaka uliotangulia alikuwa ametengeneza paa la zahanati lililokuwa likivuja, jambo la kweli na la kushukuriwa, na kila mvua iliponyesha alihakikisha watu wanalikumbuka. Sasa alitaka maneno makubwa kwenye ukuta wa mbele, ya kupakwa kwa mkono, maana ukuta ule una mikwaruzo na plastiki haishiki vizuri. Chini yake ingening'inizwa plastiki moja tu, yenye picha yake na jina lake. Akiupenda ukuta, kazi ya mabango yote ya kampeni ingekwenda kwa binti. Asipoupenda, ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jipya lenye mashine tatu.

Binti alikwenda nyumbani akamkuta baba yake peke yake uani. Akampa karatasi iliyochapwa kwa kompyuta, herufi zote zimesimama kama askari. NIMEJENGA ZAHANATI HII. NITAJENGA ZAIDI.

Fundi aliishika mbali, kisha karibu, kisha mbali tena. "Amejenga yeye?"

"Baba, unajua wanavyoongea. Ni maneno tu."

"Ndiyo, ni maneno. Na mimi kazi yangu ni hiyohiyo, maneno."

"Kazi hii nikiikosa, nafunga duka. Sikutishi, Baba. Nakuambia kama yalivyo." Akachuchumaa mbele yake, akazigeuza brashi zilizokuwa juani, moja moja. "Halafu nilitaka zipate rangi, hizi."

Baba gani angekataa? Alikubali. Alichomwomba binti ni kitu kimoja, kwamba mama yake asiambiwe kwanza. Akasema atamwambia mwenyewe, siku nzuri ikipatikana. Siku nzuri za namna hiyo, kama ujuavyo, huwa hazipatikani.

Alhamisi alasiri alipaka ukuta rangi nyeupe, mara mbili. TUMEJENGA WENYEWE ilikuwa imepauka lakini ilisomeka, na ilizama polepole, kwanza WENYEWE, kisha lile neno la kwanza. Nyeupe ilipokauka alipitisha kiganja juu yake. Rangi ya mafuta ya mikono mitatu haiishi kwa kufunikwa. Chini ya weupe aliigusa T yake ya miaka thelathini na minne, imevimba kidogo, kama mshipa. Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na aliona aibu kana kwamba amemfunika mtu uso akiwa hai.

Ijumaa asubuhi aliondoka nyumbani kabla Mwalimu hajatoka kuoga. Kwa haraka ya kukwepa maswali aliacha miwani juu ya meza. Hakurudi kuichukua. Ukuta ule anaujua, herufi anazijua, na karatasi ya binti ilikuwa mfukoni. Akapiga mistari kwa kamba na chaki, akapanda, akachovya.

Kwenye benchi la zahanati palikuwa tayari na watu: mama na mwanawe wa kike wa miaka saba hivi mwenye bandeji mguuni, mzee mmoja fundi viatu mwenye kikohozi, na mwanamke mnene aliyekuja na kiti chake mwenyewe kwa sababu analijua benchi. Walimtazama akifanya kazi, kwa ule utulivu wa watu wenye foleni ndefu. Mkono ulikwenda wenyewe. Miaka miwili yote ya kuosha brashi safi ilimtoka begani. Hata alijikuta akipiga mluzi. Kila alipomaliza herufi alisikia minong'ono ya kuridhika kutoka benchini, na fundi viatu akasema, "Hapo sawa kabisa, mzee mwenzangu. Hapo umesema." Fundi alidhani wanasifu mwandiko. Akavimba kichwa kidogo, akaongeza na kivuli kwenye herufi, ambacho hakikuwa kwenye makubaliano.

Binti alifika saa tatu kasorobo, simu mkononi, apige picha aipeleke kwa msaidizi wa Mheshimiwa ambaye alikuwa njiani. Akainua simu. Akaishusha.

"Vipi?" Fundi akauliza kutoka juu. "Umeipenda?"

Baba yake alikuwa na rangi kwenye nyusi, na uso ambao hakuwa ameuona kwake kwa miaka miwili. "Imependeza sana, Baba," binti akasema. "Shuka kidogo uitazame kwa mbali."

Fundi alishuka, akarudi nyuma hatua kumi, akakunja macho. Hapo, bila miwani, herufi zikaacha kuwa milango, zikawa maneno. TUMEJENGA ZAHANATI HII. TUTAJENGA ZAIDI.

Akaitoa karatasi mfukoni. Akaishika mbali, akaisoma. Akautazama ukuta tena, kana kwamba mmoja wao atabadili kauli. Brashi ilikuwa imepanda juu ya ule uvimbe wa chini, ikaufuata kama gurudumu linavyofuata njia yake ya zamani, na ilipofika mstari wa pili mkono ulishazoea.

"Sikukusudia," akasema. "Mwanangu, naapa sikukusudia."

"Najua, Baba."

"Mkono tu."

"Najua." Akamfuta nyusi kwa kidole gumba. Wala hakumwambia arekebishe. Angemwambia, ingekuwa rahisi zaidi. Alisimama tu na simu yake imezimwa, anatazama ng'ambo ya barabara, na Fundi alijua anakofikiria, kwenye lile duka la mashine tatu.

Akachukua kopo la nyeupe, akapanda ngazi. Akafuta TU ya kwanza, akafuta TU ya pili. Benchini minong'ono ikakatika. Kisha akaanza N. Mkono uliokuwa ukiimba asubuhi nzima sasa ulikwenda kwa kusukumwa, na ule mstari wa mshazari ukachuruzika, akaufuta kwa kitambaa, akaurudia, ukachuruzika tena. Halafu I, ambayo ni nyembamba kuliko U, ikaacha pengo mbele ya M ambalo kila mwenye macho angeliona. Aliporudia hayohayo mstari wa chini hakuna aliyemsifu. Mwanamke mnene alisogeza kiti chake kikawa kinatazama upande mwingine. Fundi viatu akauliza, kwa upole wa kuumiza, "Kumbe alijenga nani?"

Fundi hakugeuka. Aliona afadhali abaki huko juu mpaka watu wote watibiwe, waende zao.

"Umeondoka kama mwizi," sauti ikasema chini ya ngazi, "umeacha miwani."

Alikuwa Mwalimu, na kasha la miwani ya mumewe, na goti lake la zahanati, ametembea njia yote ile. Fundi alishika ngazi kwa mikono miwili.

"Mama," binti akaanza, "ni mimi niliyemwomba. Usimgombeze Baba. Ni kazi yangu, nisipoipata..."

"Ngoja nisome kwanza," Mwalimu akasema. "Mimi husoma kwanza."

Akavaa miwani ya mumewe, maana miwani yao inafanana. Akatazama kwa muda. Weupe mbichi ulikuwa unang'aa juu ya uvimbe wa maneno yake ya zamani, na hakuhitaji kuambiwa kilichofunikwa. Pembeni alikuwa ameshafika yule msaidizi wa Mheshimiwa, kijana nadhifu, simu imeinuliwa, anarekodi.

"I hii imekosa jirani," Mwalimu akasema.

"Nilikosea mwanzo," Fundi akajibu kutoka juu, sauti ndogo. "Niliandika TU."

"Naona. Na jina lake huyo aliyejenga liko wapi?"

"Litakuwa kwenye plastiki, Mama," binti akasema. "Hapo chini. Baada ya uchaguzi inaondolewa."

"Plastiki yako ile? Jua la miezi mitatu tu, na jina limefutika."

"Mama, usiniharibie biashara."

Mwalimu akacheka kidogo. Kisha akanyoosha mgongo kama mtu aliyesimama mbele ya darasa, akasoma kwa sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma: "Nimejenga zahanati hii." Akalishika goti lake. "Ni kweli. Nimejenga. Mawe ya kona ile ni yangu."

Halafu fundi viatu akainuka kwa taabu, akakohoa, akasoma naye, kidole hewani: "Nimejenga zahanati hii. Mchanga, mikokoteni kumi na tisa." Mwanamke mnene akageuza kiti chake. Alisoma kwa haraka, kama anayeogopa nafasi yake kuchukuliwa, na akaongeza kwamba marehemu mumewe ndiye aliyepiga lipu chumba cha sindano, kwa hiyo anamsomea na yeye, na akasoma mara ya pili. Msaidizi wa Mheshimiwa aliendelea kurekodi, amefurahi sana. Alisema hajawahi kuona kaulimbiu ikapokelewa vizuri namna hii, na kwamba bosi wake akiona lazima ampe dada huyu mabango yote.

Binti hakumsikia. Alikuwa anautazama ukuta, midomo inachezacheza. "Nimejenga zahanati hii," akasema polepole.

"Umejenga," mama yake akasema. "Ulikuwa mzito kuliko mawe."

Juu ya ngazi, Fundi alilia. Tuseme wazi, alilia, na machozi yakapitia kwenye rangi ya shavuni, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshika ngazi.

Yule msichana mdogo mwenye bandeji alikuwa ameona kwamba huu ni mchezo, na kwamba zamu yake imefika. Alikuwa darasa la kwanza, herufi bado anazivuta moja moja. Akasimama kwa mguu mmoja. "Ni-me-je-nga," akasoma, "za-ha-na-ti hi-i." Akakunja uso, akamtazama Mwalimu. "Lakini mimi sijajenga."

Benchi zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Fundi akajua jibu linalokuja, maana alishapewa yeye miaka hiyo yote iliyopita, pamoja na ng'ombe watatu. Lakini Mwalimu alitikisa kichwa.

"Umesema kweli," akamwambia mtoto. "Huo si wako. Soma wa chini."

Msichana akashusha kidole mstari mmoja, akapita ile N iliyochuruzika.

"Ni-ta-je-nga za-i-di."

"Huo ndio wako," Mwalimu akasema. "Chukua, ukae."